Bega Lililosahau Kushuka: Kisa cha Fundi Cherehani na Maumivu ya Shingo

Kisa hiki ni cha mama mmoja fundi cherehani wa Dar es Salaam, umri wake miaka 40 na ushei, aliyekuja kwetu fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, na maumivu ya shingo ya muda mrefu. Ameridhia kitumike kufundishia. Jina, mtaa na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha nimeyaondoa, na humu nitamwita fundi tu. Nakiandika kwa wenzangu wa taaluma, lakini zaidi kwa wale wanaoketi kazini kutwa nzima, kwa sababu ushauri tunaowapa kila siku, "kaa wima, nyoosha mgongo", nimeuona mara nyingi mno ukiwaongezea watu mzigo juu ya ule walio nao.

Historia yake

Fundi alianza kushona akiwa msichana, akifundishwa na shangazi yake, na tangu hapo hajafanya kazi nyingine. Ana fremu ndogo anayochangia kodi na mwenzake, cherehani ya kukanyaga, na binti mmoja anayejifunza ufundi kwake. Kipato chake kinakwenda kwa nguo, si kwa siku. Asiposhona, hakuna kinachoingia. Kwa mwaka mzima anashona magauni ya vitenge na kurekebisha suruali za watu, ila Desemba na Januari kazi hugeuka kuwa sare za shule: mashati, kaptura, na sketi za marinda dazeni kwa dazeni.

Maumivu yalikuwa yamemwanza miaka kama mitatu nyuma. Awali shingo ilikaza jioni na asubuhi akaamka mzima. Baadaye yakahamia begani upande wa kulia, yakapanda kisogoni, na siku nyingi za wiki alikuwa akifunga kazi huku kichwa kinamgonga. Alishajaribu alichoweza: mafuta ya kuchua, vidonge vya maumivu vya diklofenaki kutoka duka la dawa, kukandwa kwa maji ya moto, jirani anayejua kuchua. Kila kimoja kilimpa nafuu ya siku moja, mbili, kisha hali ikarudi ile ile.

Ndipo akapigwa eksirei na kuambiwa kwamba pingili za shingo zimesagika. Maelezo hayo yalimtisha kuliko maumivu yenyewe. Akaacha kugeuza shingo. Akiitwa na mtu wa pembeni, aligeuka na mwili mzima, kuanzia kiunoni. Na nyumbani, mwanawe kila akipita alimkumbusha: "Mama, kaa wima!" Naye alitii. Alijiinua, akabana mabega nyuma, akakaza kiuno, akakaa hivyo dakika chache, kisha akaporomoka kurudi pale pale, safari hii akiwa amechoka zaidi.

Tulichokiangalia kwanza

Kabla ya kuzungumza habari za mkao na mwendo, tulitafuta mambo ambayo hayatakiwi kuachwa: ganzi au udhaifu wa mikono, kupoteza uwiano wakati wa kutembea, matatizo ya haja, homa, kupungua uzito bila sababu, maumivu yanayomwamsha mtu usiku, ajali, shinikizo la damu. Hakuna lililojitokeza. Nguvu za mikono zilikuwa sawa pande zote mbili. Shingo iligeuka kushoto bila shida, na kulia ikagoma kabla ya kufika mwisho.

Kilichonishangaza ni kitu kidogo. Nilimlaza chali, nikapitisha viganja vyangu chini ya kisogo chake ili nikibebe kichwa. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5, na mtu akikuachia, viganja vinausikia uzito huo mara moja. Mimi sikusikia kitu. Nikamwambia, "Mama, niachie kichwa." Akanijibu, "Nimekuachia, daktari." Wala hakuwa akinidanganya. Kwa jinsi alivyojihisi, alikuwa ameshaniachia. Misuli ya shingo ilikuwa inafanya kazi ya kubeba kichwa akiwa amelala, na yeye hana habari, kwa kuwa ilikuwa imefanya hivyo miaka mingi kiasi kwamba hali hiyo ndiyo aliyoijua kama kupumzika.

Kuhusu eksirei, nilimweleza kwa kirefu. Picha yake haikusema uongo, ila haikutosha kueleza maumivu yake. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya kuwapima kwa MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, watu 1,211 wasio na dalili yoyote ya shingo, na karibu asilimia 88 kati yao walionekana kuwa na diski za shingo, yaani mito laini iliyo kati ya pingili, zilizotokeza nje kidogo. Watu wazima, wanafanya kazi zao, hawaumwi. Mabadiliko ya pingili huja na umri kama mvi zinavyokuja. Fundi alisikiliza, akauliza mara mbili kama kweli akigeuza shingo hataivunja, kisha akaigeuza pale pale mbele yangu, polepole, akiniangalia usoni.

Kumwona akiwa kazini

Kwenye kiti cha kliniki kila mtu huketi kama mgonjwa. Kwa hiyo tulikubaliana niende kumtazama kwenye fremu yake, saa za kazi, bila kumsimamisha wala kumwelekeza. Huu naamini ulikuwa uamuzi wenye faida kuliko yote.

Anayejua cherehani ya kukanyaga anajua inavyoanzishwa. Mkono wa kulia unakwenda kwenye gurudumu, unalivuta kuelekea kwako, miguu inapokea mwendo kwenye kanyagio, na mashine ikishashika kasi mkono unarudi kwenye kitambaa kuungana na mwenzake. Fundi alifanya hayo bila kuyafikiria. Lakini kabla mkono haujaligusa gurudumu, bega la kulia lilipanda kuelekea sikioni, kidevu kikatoka mbele na kuinuka, na pumzi ikasimama. Mkono ulirudi kwenye kitambaa, mshono ukaendelea, na bega likabaki huko huko juu. Alipofika mwisho wa mshono akakata uzi, akashusha pumzi, bega likashuka nusu. Mshono uliofuata likapanda tena kutokea hapo lilipoachwa. Kwa shati moja la shule alianzisha mashine mara nyingi kiasi kwamba niliacha kuhesabu.

La pili lilikuwa macho. Alipotaka kutunga uzi kwenye sindano ya mashine, alisogea karibu, akaona ukungu, akarudisha kichwa nyuma huku kidevu kikiwa juu, akafinya macho, kisogo kikajibana juu ya shingo. Nilimpa roli ya uzi asome maandishi yake madogo, na mkono wake ukanyooka wote ili aweze kuyaona. Baada ya miaka 40 lenzi ya jicho huanza kuwa ngumu na kitu cha karibu hakionekani vizuri. Macho yake yalitaka kazi iwe mbali, na mashine haisogei. Kilichoweza kusogea ni kichwa peke yake.

La tatu, kigoda cha plastiki. Kilikuwa kifupi, viwiko vyake vikawa chini ya usawa wa meza, kwa hiyo hata asingekuwa na mazoea yoyote mabaya, ili mikono ifike juu ya kitambaa mabega yangelazimika kuinuka.

Maamuzi, na kwa nini

Tuliamua kutomfundisha mkao sahihi. Najua hili linawashangaza wengi, kwa hiyo nilieleze. Mtu aliyekwisha kukaza misuli kumi, ukimwambia akae wima, anakaza mingine kumi ili kupambana na ile ya kwanza. Ukimtazama kwa nje amenyooka, na ndani kuna vita. Fundi alikuwa ameshafanya jaribio hilo nyumbani kwa muda mrefu, na jibu lake tulikuwa nalo.

Njia tuliyoifuata inachota kwa Frederick Matthias Alexander, mzaliwa wa Tasmania mwaka 1869, msanii wa kughani aliyekuwa akipoteza sauti jukwaani. Madaktari hawakuona ugonjwa kooni. Akaweka vioo, akajitazama akighani, akagundua kwamba kila anapoanza tu kutamka, anakivuta kichwa nyuma, anaikandamiza koo na kuvuta pumzi kwa kelele. Alipojitahidi kufanya kinyume chake, vioo vilimwonyesha kwamba bado anafanya yale yale huku akihisi ameyaacha. Kutoka hapo alijenga mafundisho yake: kwamba hisia za mtu aliyezoea kujikaza si shahidi wa kuaminika, na kwamba mahali pa kufanyia kazi ni ule muda mfupi kati ya kutaka kufanya jambo na kulifanya. Mimi si mwalimu wa njia hiyo, na mwenye nafasi ya kumpata mwalimu aliyefuzu afanye hivyo. Jaribio lililofanyika Uingereza kwa watu 517 wenye maumivu sugu ya shingo, likachapishwa mwaka 2015, lilionyesha kwamba waliopata masomo yake ana kwa ana, hadi 20, walikuwa na hali bora baada ya mwaka mmoja kuliko waliopata huduma ya kawaida peke yake. Nafuu haikuwa ya miujiza, lakini ilidumu baada ya masomo kwisha, na kwa maumivu ya shingo hilo si jambo dogo.

Kabla ya mafunzo yoyote, hata hivyo, macho na kigoda vilitangulia. Haina maana kumwomba mtu akiache kichwa kielee huku sindano haioni. Alipelekwa kliniki ya macho, akarudi na miwani ya kuonea karibu. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti kutoka vijijini Bangladesh, watu 824 wa kazi zinazohitaji kuona karibu, na wale waliopewa miwani ya namna hiyo waliongeza kipato kwa takriban theluthi moja ndani ya miezi 8. Nilimtajia fundi jambo hilo kwa sababu alikuwa akiona miwani ni gharama ya kuahirishwa. Kigoda tulikiinua kwa ubao na kitenge kilichokunjwa, kwa kiasi ambacho viwiko vilifika usawa wa meza na magoti bado yanapita chini yake na nyayo zinakaa zote juu ya kanyagio. Haikuwezekana kuinua zaidi ya hapo. Mashine nayo ikageuzwa ili mwanga wa mlangoni umfikie kutoka kushoto.

Hatukumwambia apumzike kazi. Ushauri huo ungekuwa sawa na kumwambia apumzike kula.

Mazoezi ya kutoanza

Tulichagua sehemu moja tu ya siku yake: pale mkono unapokwenda kwenye gurudumu. Si kutembea, si kulala, si kubeba ndoo. Sehemu moja.

Cherehani ina skurubu katikati ya gurudumu ambayo fundi huilegeza anapojaza bobini, ili gurudumu lizunguke na sindano isitembee. Tuliilegeza. Hakukuwa na kitambaa, uzi, wala oda. Niliketi pembeni, na yule binti mwanafunzi wake akaweka kiganja juu ya bega la kulia, bila kukandamiza, bila kuchua, kimetulia tu. Nikamwomba fundi asikilize nikisema "anza", halafu asianze.

"Anza," nikasema. Mkono haukuondoka pajani. Binti akacheka: "Mama, bega limepanda!" Fundi akageuka, akaliangalia bega lake mwenyewe kama mtu aliyeonyeshwa kitu chumbani mwake asichowahi kukiona. Tukarudia. Bega likapanda tena kwa neno tu, mkono haujafanya lolote. Mara ya nne au ya tano alilihisi mwenyewe kabla binti hajasema. Hapo ndipo kazi ilipoanza kweli.

Alitaka kulishusha. Hiyo ni hamu ya kila mtu, na tulilazimika kuizuia, kwa sababu kulishusha bega kwa nguvu ni kazi nyingine ya misuli. Nilimwambia, "Usilishushe, mama. Acha tu kulipandisha." Mwanzoni hakuona tofauti. Kisha nikamwomba afikirie kwamba yuko huru kuanza au kutoanza, na hata akiamua kutoanza hakuna atakayemdai. Bega likashuka lenyewe, na pumzi ndefu ikatoka ambayo hakuna aliyemwomba aitoe. Akasema bega sasa linamning'inia, anajihisi ameegemea upande mmoja. Nikampiga picha kwa simu yake kutoka nyuma, nikamwonyesha: mabega yote mawili yako usawa mmoja. Aliitazama picha muda mrefu. Hisia zilimwambia amepinda na picha ikamwambia amenyooka. Kuanzia siku hiyo aliacha kuniuliza kama amekaa vizuri.

Wiki zilizofuata tuliongeza kidogo kidogo. Kwanza kuligusa gurudumu bila kulivuta, kisha kulivuta taratibu mno, kisha miguu ikapokea, sindano ikiwa bado haitembei. Upole huu una sababu yake. Moshe Feldenkrais, mhandisi na mwalimu wa judo aliyeishi kati ya mwaka 1904 na 1984, alisisitiza kwamba mtu anayetumia nguvu nyingi hawezi kutambua nyongeza ndogo ya nguvu, hivyo anayetaka kujifunza kujihisi sharti apunguze juhudi kwanza. Kwa fundi lilionekana wazi: akilivuta gurudumu kwa kasi ya kazi hakuhisi chochote, akilivuta polepole alihisi hata taya ikibana. Baadaye tukaikaza skurubu, tukaweka kitambaa chakavu, na mwishowe shati la mteja.

Suala la pumzi alilitatua kwa kuimba. Nilimweleza kwamba anaishikilia pumzi mshono mzima, akaanza kuvumisha nyimbo za kwaya yake midomo ikiwa imefungwa. Anayevumisha wimbo hawezi kuzuia pumzi, na wimbo ukikatika anajua papo hapo.

Nyumbani alipewa jambo moja: kulala chali mkekani mchana au jioni, magoti yameinuliwa, nyayo chini, daftari nene chini ya kisogo, dakika 10 hadi 15, bila kufanya chochote zaidi ya kuangalia ni wapi bado anajishika. Pia mazoezi machache ya kuimarisha shingo na mgongo wa juu, ambayo sitayaeleza hapa kwa kuwa ni yale yanayofahamika.

Simu ilipoita

Katikati ya mwezi wa pili alikuja na jambo ambalo sikulipanga. "Daktari," akasema, "simu ikiita bega linapanda. Hata sijaangalia ni nani." Tukakaa nalo. Wengi wanaompigia ni wateja wanaouliza nguo zao, na wengi wao alikuwa amewaahidi siku moja ile ile, kwa kuwa ni vigumu kumkatalia mtu aliyesimama mbele yako na kitambaa mkononi. Kila mlio wa simu ulikuwa deni.

Sikuwa na la kumfundisha hapo. Nilimwomba afanye na simu kile alichofanya na gurudumu: iache iite mara mbili, jione, ndipo upokee. Lililobaki alilifanya mwenyewe. Akanunua daftari, akaanza kuandika tarehe mbele ya mteja, na siku ikishajaa anaonyesha ukurasa. Wapo waliokwenda kwa fundi mwingine. Wengi walikubali tarehe ya mbele.

Matokeo

Tulipoanza, maumivu ya jioni aliyapa 7 kwa kipimo cha 0 hadi 10. Baada ya miezi mitatu, siku za kawaida alikuwa kwenye 2 au 3. Kichwa, kilichokuwa kikimgonga siku nyingi za wiki, kilipungua hadi mara moja kwa wiki na wiki nyingine kikapita kimya. Shingo iligeuka kulia karibu sawa na kushoto. Vidonge aliviacha. Nilipokishika tena kichwa chake akiwa amelala, viganja vyangu vilisikia uzito.

Kisha ikaja Januari. Sare zilimiminika, alishona hadi usiku kwenye mwanga hafifu, na ndani ya wiki moja maumivu yalipanda hadi 5, akameza diklofenaki tena. Shule zilipofunguliwa yalirudi chini ndani ya wiki kama mbili, bila msaada wetu. Zamani, kwa maelezo yake, msimu kama huo ulimwacha anaumwa hadi Pasaka.

Kilichosaidia na kilichoshindwa

Siwezi kutenganisha kwa uhakika mchango wa miwani, wa kigoda na wa mafunzo, kwa kuwa vilikwenda pamoja katika wiki zile zile. Kwa maoni yangu miwani na kigoda viliondoa sababu ya kujikaza, na mafunzo yakaondoa mazoea yaliyobaki baada ya sababu kwisha. Naegemea hapo kwa sababu hii: siku nilipomtembelea tena, wiki moja baada ya kupata miwani na kabla hatujaanza mazoezi ya gurudumu, kidevu kilikuwa kimetulia zaidi, lakini bega lilipanda vile vile kana kwamba hakuna kilichobadilika. Mwili hauachi kazi uliyoizoea kwa sababu tu kazi hiyo haihitajiki tena.

Kuondoa hofu ya eksirei kulisaidia kuliko nilivyotarajia. Mtu anayeamini shingo yake itavunjika hawezi kuilegeza kwa mafundisho yoyote yale, na ni jambo la busara kwake kuikaza. Wenzangu wanaosoma picha kwa wagonjwa wanisamehe nikisema maneno yanayotumika pale yana uzito wa dawa, na yanafaa kupimwa kama dozi.

Kuchagua tukio moja pia kulilipa. Tungemwomba ajiangalie kutwa nzima asingeweza, ana nguo za watu mikononi. Gurudumu lilikuwa kikumbusho kilichomo ndani ya kazi yenyewe, kinajirudia bila kupangwa. Linganisha na kengele ya simu tuliyojaribu mwanzoni, ikilia kila nusu saa ili ajikague: ilimkatisha katikati ya mshono, ikamkera, na kila ilipolia alishtuka na kujikaza. Aliizima siku ya tatu na hatukuirudisha. Kwa mtu ambaye mlio wa simu tayari ni chanzo cha kukaza, lilikuwa chaguo baya.

Usikivu haukudumu kwenye kazi ngumu. Akipachika zipu ya kujificha au kola, bega lilipanda na alilijua likiwa limekwisha kupanda. Hilo sikuliona kama kushindwa kwake. Kazi inayodai akili yote haiachi nafasi ya kujitazama, na tulikubaliana kwamba kwa zipu inatosha asimame baada ya kumaliza, mikono ining'inie, ndipo aendelee. Meza nayo bado haimfai. Stendi ya chuma ina kimo kimoja, na kigoda hakiwezi kufidia yote.

Januari ilionyesha mpaka wa njia hii waziwazi kuliko kitu kingine. Mtu anaweza kuacha kukaza kusikohitajika. Saa 14 za marinda zinachosha hata bega lililolegea, na kumwambia ajihisi zaidi ingekuwa kumtwisha yeye lawama ya msimu. Kwa hiyo tulipokutana mara ya mwisho hatukufanya mazoezi. Tulifungua daftari lake. Yeye na mwenzake wamekubaliana kwamba msimu ujao sare zitakuwa kazi ya pamoja: mmoja akipanga marinda na kupiga pasi akiwa amesimama, mwingine anashona akiwa ameketi, na wanabadilishana kila dazeni inapokwisha. Kuhusu oda za baada ya tarehe 20 Desemba walikuwa bado wanabishana, yeye akitaka zikataliwe, mwenzake akitaka zipokelewe kwa bei ya juu.